Nani Atakaa Mbele

Baraza iliyo chini ya dirisha langu hapa Kuze, Mombasa, aliijenga marehemu mume wangu kwa mawe na chokaa, ati wageni wapate pa kukaa. Wageni hawakuja. Waliokuja ni wanaume watatu, na tangu waje hawajaondoka. Wa kwanza ni Abdulhalim, tumwitaye Sipea, kwa kuwa alisimama miaka kumi na minane kwenye kaunta ya duka la vipuri, na gari lake mwenyewe hajapata kuwa nalo hata la kuchonga kwa kifuu. Wa pili ni Fondo, jina lake Kreni, aliyebeba magunia bandarini Kilindini mpaka shingo ikaingia mabegani. Wa tatu ni Samuel, Stesheni, karani wa reli aliyestaafu, mtu wa bara, ambaye mpaka leo hatii kitu kinywani kabla hajatazama saa. Mbele yao huchutama Mung'aro na dele lake la kahawa juu ya makaa, akigonganisha vikombe. Mlangoni nipo mimi, Mwanakuu, na karai yangu ya kukaangia. Wao hula mahamri yangu, mimi nala maneno yao. Aliyepunjika unamjua.

Alhamisi moja ya mwaka wa tisini na sita, watu wametoka kuswali adhuhuri, nilifanya kosa. Niliwauliza jambo.

Mambo yalikuwa hivi. Kantini ya wachukuzi kule Kilindini ilikuwa ikichukua mahamri yangu na mbaazi zangu za nazi. Lakini nilikuwa nikipeleka kwa mkokoteni. Kutoka Kuze mpaka getini, mahamri yafika yamelala usingizi na mbaazi zimeshika utando. Auma, mama anayesimamia kantini ile, mwanamke asiyezungusha neno, akaniambia: "Mama, kuanzia Jumatatu chakula kifike moto, kabla ya king'ora cha saa kumi na mbili. Kisipofika nitachukua mkate wa kiwandani."

Mkate wa kiwandani! Ule mweupe wa kukatwa vipande, ukiubonyeza warudi juu kama dodoki la kuogea. Nyanya yangu alikanda unga mlango huu huu, mamangu akakanda, nami nimekanda mpaka vidole vimepinda. Nikasema: kabla mchukuzi wa Kilindini hajala dodoki, nitanunua gari. Mtaani sikumwambia mtu sababu. Jambo lako ukilisema Kuze asubuhi, adhuhuri utalisikia kwa watu na limeshaota mkia.

Basi dalali mmoja, Ronald, akaniletea pikapu ndogo tatu nichague. Uchochoro wetu haupiti gari, akazipanga mdomoni mwa mtaa, hatua kumi na tano kutoka barazani: Hailaksi nyeupe, Pijo 504 ya buluu, na Datsun 1200 nyekundu. Akasema ataka jawabu kabla ya adhana ya al-asiri, kwa kuwa kuna mtu mwingine amngoja Feri.

Nikawageukia wanaume wangu. "Waungwana, nataka pikapu ya kazi. Ipi?"

Hayo tu. Laiti ningalifunga mlango nikalala.

Sipea: — Bi Mwanakuu, hapo hapana mashauri. Hailaksi. Injini elfu mbili na mia nne, dizeli. Ile hailii, ile yanguruma.

Kreni: — Kunguruma, hata tumbo langu languruma na halijabeba kitu. Chukua Pijo, Bi. Simba wa barabara yule.

Stesheni: — Tuende kwa utaratibu, wazee. Kuna nguvu za injini, na kuna starehe ya ndani. Tuanze na nguvu. Nguvu hupimwa kwa farasi.

Kreni: — Farasi gani, yakhe? Hapa kuna punda.

Stesheni: — Farasi wa hesabu.

Sipea: — Haya, Hailaksi ina farasi themanini. Nimeisoma kitabuni kwa macho yangu.

Kreni: — Pijo mia na ishirini.

Sipea: — Umewahesabu?

Kreni: — Niliwasikia.

Stesheni: — Datsun sitini na wanane. Sisemi zaidi, sisemi kasoro.

Sipea: — Farasi sitini na wanane ndani ya kisanduku cha viatu kile? Wamesimama wapi?

Stesheni: — Wembamba. Haba na haba hujaza kibaba.

Kreni: — Na punda mmoja ni nusu farasi?

Stesheni: — Robo tatu.

Mimi: — Na wanaume watatu waliokaa barazani tangu alfajiri ni farasi wangapi?

Mung'aro akakohoa kahawa. Watatu wakanitazama kama mtu aliyepita mbele ya anayeswali, kisha wakaendelea.

Kreni: — Mimi sisemi vya vitabuni. Mwaka ule wa mvua ya gharika niliona Pijo bandarini ikivuta behewa. Behewa zima, limejaa unga!

Stesheni: — Behewa namba ngapi?

Kreni: — Namba ya nini?

Stesheni: — Kila behewa lina namba, bwana Fondo. Nimeandika namba za mabehewa miaka thelathini na moja. Behewa lisilo namba ni banda la kuku.

Kreni: — Basi ilivuta banda la kuku, na kuku walikuwa wa unga! Kwani ulikuwako wewe?

Sipea: — Behewa lina magurudumu, hata mtoto hulisukuma. Hailaksi imepanda ngazi za Ngomeni.

Kreni: — Lini?

Sipea: — Usiku wa Maulidi. Watu wote walikuwa Maulidini, ndio maana hukusikia.

Stesheni: — Na aliyeiona ni nani, kama watu wote walikuwa Maulidini?

Sipea: — Dereva. Na ilipanda kinyumenyume, ati kwa mbele ilikuwa rahisi mno, ikaona haya.

Stesheni akatazama saa yake, akafuta miwani. Mtu huyu akianza kufuta miwani, ujue uongo wake umeiva.

Stesheni: — Daktari mmoja wa meno alitoka Nairobi na Datsun. Petroli ikamwishia Mtito Andei. Akafika Mombasa.

Kreni: — Kwa petroli gani?

Stesheni: — Kwa harufu. Injini ile hutosheka na harufu ya petroli. Na alipofika Makupa, tangi lilikuwa limebakisha.

Sipea: — Kubakisha nini na petroli ilikwisha?

Stesheni: — Harufu.

Sipea: — Mimi nawaachia msemo mmoja tu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndio Hailaksi.

Mimi: — Kwa hivyo lililo zuri halitembei? Niletewe gari la kukaa kama kabati?

Sipea: — Bi, msemo una maana ya ndani.

Mimi: — Itoe nje tuione.

Ronald akapunga mkono kutoka kule mdomoni: "Mama, saa nane na nusu!" Nikawaambia wazee, mambo ya farasi yamekwisha, nendeni mkatazame hizo starehe za ndani mnipe jawabu. Wakainuka, kila mmoja na kikombe chake mkono mmoja na hamri mkono wa pili, Mung'aro nyuma yao na dele. Nami nikafuata, nikifuta unga kwa leso.

Hapo nikaona kitu. Kila mtu aliingia gari lake, na wote watatu waliingilia mlango wa kushoto. Usukani hakuna aliyeugusa. Nikasema moyoni, ala! Hawa hawachagui gari. Hawa wachagua kiti.

Sipea: — Sikilizeni mlango huu. (Akaufunga.) Dhup! Huu ni mlango wa msaji wa nyumba ya watu. Wasikia, Fondo? Dhup. Na kikabati cha mbele hiki chameza vikombe sita vya kahawa na visahani vyake.

Kreni: — Jamani, kiti hiki nimezama. Kochi la bi arusi! Mgongo wangu haujawahi kuheshimiwa namna hii tangu nizaliwe. Na kioo hiki hapa cha kujitazama.

Sipea: — Kioo hicho kimekukosea nini?

Stesheni: — Huku mna kisahani cha majivu. Chuma, si plastiki.

Kreni: — Nawe huvuti.

Stesheni: — Nitaanza.

Kreni akatoa mkono dirishani, kiwiko nje, kama nilivyowaona mabwana wakubwa wakipita. Sauti yake ikateremka kidogo.

Kreni: — Nikipita getini Kilindini hivi, mkono nje. Wale niliobeba nao magunia waseme, tazama, Kreni amerudi, na safari hii yeye ndiye abebwa.

Sipea: — Upite wewe kwani gari ni lako? Mbele hukaa mtu wa ufundi, asikilize injini. Mimi Ijumaa nitapita Makadara polepole, watu wanapotoka msikitini.

Stesheni: — Mbele hukaa mwenye saa. Gari bila saa ni mbuzi. Na njia itakuwa ya stesheni, nijuavyo mimi.

Sipea: — Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

Stesheni: — Mkuu ni nani hapa?

Sipea: — Mwenye farasi themanini.

Wanapigana juu ya kiti cha gari langu, na mimi mwenye gari nimesimama juani. Ronald akatazama mnara wa msikiti, akanitazama mimi. Saa tisa ilikuwa ishapita. Nami, nikwambie kweli, nilikuwa sijui. Nimeyasikia yote, elfu mbili na mia nne, kochi, harufu, na nilikuwa sijui zaidi ya nilipoanza. Nikaliona dodoki la kiwandani limepakwa siagi kwenye sahani za Kilindini.

"Hodi, wenyewe!"

Alikuwa mwanamke wa makamo, leso moja kiunoni na nyingine mabegani, ndala zimejaa vumbi la njia ya Feri. Akasalimu kila mtu kwa zamu yake, vizuri, akamalizia na mimi: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ni Kache, natoka Likoni. Namtafuta Bi Mwanakuu. Nimesikia kwa madalali wa Feri kuna gari lataka dereva."

Sipea akatoa kichwa dirishani. — Na huyo dereva yuwapi?

Kache: — Ni mie, ami.

Kreni: — Wewe? Umeendesha nini?

Kache: — Pikapu ya mayai. Ukunda mpaka soko la Kongowea, miaka tisa, na ferini katikati.

Wangenyamaza hapo wangehifadhi heshima. Lakini waliona sikio jipya, na sikio jipya barazani ni kama nyama kwa paka. Wakamvamia wote pamoja. Elfu mbili na mia nne! Kochi la bi arusi! Harufu tu, Mtito Andei! Kache akasikiliza kwa adabu, mikono nyuma, mpaka wakaishiwa pumzi. Akazitazama pikapu zile moja moja, akainama akatazama chini yake, akainuka.

Kache: — Zote nzuri. Ni ya kubebea nini?

Mung'aro akaacha kugonganisha vikombe.

Sipea: — Ya kubebea... mizigo.

Kache: — Mizigo gani, ami?

Kreni: — Mizito!

Stesheni: — Kwa kawaida ni tani moja.

Kache: — Tani moja ya nini?

Sipea akamtazama Kreni. Kreni akamtazama Stesheni. Stesheni akatazama saa, na safari hii saa haikumsaidia. Kutwa nzima, hakuna aliyeniuliza. Nami nikanyamaza kusudi, niwaone. Kreni alikuwa na hamri mkononi, limeumwa nusu. Sipea alikuwa na lake, limechovywa kahawani. Stesheni alikuwa amelifunga la tatu kwenye gazeti na kulitia mfukoni, la jioni. Walitazama magari, wakatazama mbingu, wakatazama ukuta wa jirani. Mikono yao hawakuitazama.

Nikamwambia mimi. Mahamri mia nne na sufuria moja kubwa ya mbaazi za nazi, mpaka Kilindini, moto, kabla ya king'ora cha Jumatatu.

Kache: — Niione sufuria.

Nikamwonyesha. Akaipima kwa mikono, akatikisa kichwa kama daktari.

Kache: — Basi mwenye safari ni mbaazi, mama. Mahamri ni abiria tu, hayo hata nyuma yatakaa, yafunikwe kitambaa chepesi yasitoke jasho. Lakini tui halikai nyuma.

Sipea: — Nyuma ndiko kwa mzigo!

Kache: — Mzigo mzito, ami. Pikapu zote zimeundwa zilaliwe na gunia. Zikipata kitu chepesi hurukaruka kama mwana mbuzi, na kila ikiwa na nguvu zaidi huruka zaidi. Si kosa lake. Mimi nililijua hilo kwa mayai, na mayai hayafundishi bure.

Wakabisha. Kwa hiyo tukaijaza sufuria maji ya kisima mpaka alama ya tui, Ronald akatoa funguo, na Kache akazunguka Ndia Kuu mara tatu, kila gari mara moja, sufuria nyuma. Zote tatu zilirudi sakafu imerowa.

Sipea: — Hailaksi imemwaga kikombe tu.

Kreni: — Kikombe? Kile cha kuogea?

Stesheni: — Naomba iandikwe kwamba Datsun imemwaga upande mmoja, kwa nidhamu.

Kache akafungua mlango wa kushoto, ule ule walioupigania. Akavua leso ya mabegani, akaikunja, akaisokota duara, ikawa kata. Kata kama hii hii mamangu aliitia kichwani akabeba mtungi, na nyanya yangu kabla yake. Akaiweka juu ya kiti na sufuria juu ya kata.

Kwenye Hailaksi kiti kilikuwa kimenyooka, kigumu, cha mtu mwenye mgongo. "Sufuria haina mgongo," akasema. Kwenye Datsun sufuria ilikaa vizuri, lakini tumbo lake likafika kwenye gia, na gia ni ya dereva. Akaja kwenye Pijo. Kata ikazama kitini, sufuria ikazama katani, ikatulia kama mzazi ndani ya arobaini. Akaifunga mkanda. Akawasha gari, akapita penye mtaro uliobomoka, akapita penye mashimo ya sokoni, akazunguka, akarudi. Tukachungulia sote, vichwa vinne kwenye mlango mmoja.

Tone halikumwagika.

Kreni: — Pijo! Nilisema nini? Nilisema nini mimi? Mia na ishirini! Simba! Stesheni, andika namba hiyo!

Alirukaruka mzee wa watu mpaka ndala ikamtoka. Kisha akaufungua mlango wa kushoto, akainua mguu apande.

Kache: — Pana mtu hapo, ami.

Kreni akaitazama sufuria. Sufuria ikamtazama.

Kreni: — Ila... Jumatatu?

Kache: — Jumatatu ndiyo hasa.

Kreni: — Na mimi?

Kache: — Nyuma, na vikapu. Twataka mtu wa kushika kitambaa, mwenye mkono mzito.

Adhana ya al-asiri ikalia. Nikamwambia Ronald, "Hii ya buluu," na kwa Kache nikasema neno moja, "Saa kumi alfajiri." Wanaume wakarudi barazani mmoja mmoja, kila mtu na kikombe kitupu. Sipea akanyoosha kikombe kupoza moyo. Mung'aro akaliinamisha dele, likatoa tone moja na machicha ya kahawa. Kahawa ilikwisha wakati wa farasi.

Jumatatu tuliondoka giza bado. Mbele Kache na mbaazi, nyuma mimi juu ya kigoda changu, na Kreni ameshika pembe za kitambaa. Sipea na Stesheni walikuja mpaka mdomoni mwa mtaa ati kutuaga. Sipea akatega sikio kwenye injini, Stesheni akaniambia saa mara tatu. Tulipokaribia Kilindini wachukuzi walikuwa wamejazana getini, na mmoja akaona nani aliyekaa nyuma. "Kreni! Ooo, Kreni amerudi!" Wakaanza kupiga miluzi. Mzee akatoa kiwiko nje ya ubavu wa gari, shingo nayo ikamtoka mabegani, mara ya kwanza nione urefu wake. Mkono wa pili haukuachia kitambaa.

Auma alitungoja mlangoni mwa kantini, mikono kiunoni. Hakunisalimu. Alifungua mlango wa kushoto mwenyewe, akafunua sufuria, na mvuke wa nazi ukampiga usoni akarudi hatua moja. Akafuta macho kwa ukingo wa aproni.

"Ziteremsheni," akasema. "Watu wana njaa."

Tulikuwa tumeishika sufuria mimi na Kache, mkono huku na mkono huku, ndipo king'ora kikalia.